Mkate Usioisha

Akiteng alisema: leo hampiki.
Mshahara wake wa kwanza ulikuwa na siku mbili,
haujajua bado njia ya kutokea.
Tukapanda Kololo, mimi na baba yake,
yeye kavaa suti ya kustaafia,
ile ambayo kifungo cha kati hakisikii tena amri.

Mkahawa wa Kiitaliano, tawi la tano.
La kwanza liko Entebbe, la pili Ntinda,
na yote, anasema Akiteng, yana mizabibu hii hii ya plastiki,
vitambaa hivi hivi vya miraba myekundu na myeupe,
picha hii hii ya mnara unaoegemea hewa.
Opolot aliutazama mnara kwa macho
ya mtu aliyelinda maghala miaka thelathini na mmoja.
"Fundi wake," akauliza, "alikamatwa?"

Menyu ilikuja, pana kama bati la paa.
Nikaona maneno yote yanaishia kwa irabu.
Kumbe ni jamaa zetu hawa, nikasema,
lakini nilipoyatamka
hayakunitambua.

Mhudumu. Kifuani beji: MARKO.
Kiingereza chake kilikuwa kimepigwa pasi
hadi Opolot aliposahau alipo,
akatoa sauti yake ya gwaride:
"Kijana, lete maji. Si ya chupa. Ya kunywa."

Meza ya jirani ikanyamaza.
Mjini hapa Kiswahili kina historia yake:
kiligonga milango usiku,
kiliuliza vitambulisho kwenye vizuizi.
Watu hawajasahau, wala siwalaumu.
Lakini sisi ndicho tulichobembelezea watoto,
Mteso, Mgisu, Mlugbara, Mwacholi, ukuta kwa ukuta.
Lugha gani nyingine ingeomba chumvi
kupitia dirisha la jirani?

Marko hakwenda kuleta maji.
Alisimama, visigino vimekutana bila kuagizwa.
"Afande Opolot," akasema. "Nsambya. Bloku C."
Akaigeuza beji kama mtu anayevua kofia.

Mtoto wa Koplo Wamimbi! Yule yule
aliyelia kwenye foleni ya posho
siku maharagwe yalipoishia mbele yake,
nikamgawia nusu ya sahani ya Akiteng.
Akiteng alikuwa akitazama simu.
Akaacha kuitazama.

"Na Marko ni wa nani?"
"Wa kampuni, mama. Tunapewa mlangoni pamoja na aproni.
Kabla yangu kulikuwa na Marko mwingine."
Meneja akakohoa kaunta.
Beji ikarudi ilivyokuwa.

Tambi zilikuja zimejikunja kama kamba ya kisima.
Opolot akapambana nazo kwa uma,
akashindwa kwa heshima, akaomba kijiko.
Piza niliikunja kama roleksi ya barabarani,
jibini likanifuata hadi kidevuni.

Lakini mkate! Vijiti vyenye vitunguu saumu;
kikapu kikiisha, kingine kinakuja, bure,
ndiyo sheria ya nyumba katika matawi yote matano.
Cha pili kilikuja kimejaa.
Cha tatu kilikuja kimefunikwa leso.
Cha nne hatukukiomba.
Alikiweka upande wangu, karibu na mkoba,
akaanza kukagua dari.
Nami nikafungua zipu.

Bili Akiteng aliifunika kwa kiganja.
Baba yake aliiona hata hivyo,
akaigeuza kimya kimya kuwa magunia ya unga,
akasema tu, "Chakula kilikuwa kizuri."

Mlangoni aligeuka, akapiga saluti,
suti ikalia kwapani.
Kijana, mikono imejaa sahani chafu,
hakuwa na mkono wa kujibia.
Alijibu kwa visigino.

Jumapili, nilipotoa sadaka,
mzee wa kanisa aliinusa noti yangu,
akanusa tena,
akanitazama.
Sikumweleza.