Koo la Kuazima

Studio iko Maabela, juu ya dobi.
Kuta zimevishwa magodoro,
kipoza hewa huzimwa tukianza kurekodi
na jasho la Agosti hutambaa mgongoni kama sisimizi.
Ghassan, mwongozaji, anagawa karatasi:
watu wa nyota waseme Kiarabu cha vitabuni,
kila irabu imepigwa pasi;
wafupi wa mgodini, wanaohesabu dhahabu kwa vidole,
hao kapewa Murad Baksh, fundi wa mitambo.
“Sema kama ami yako dukani Matrah.”
Murad akacheka, akakohoa, akasema.
Mimi nikapewa zimwi la kinamasi.

“Rayya, si kwenu ni watu wa Zinjibari?
Nipe ile lafudhi. Ile ya bibi zenu.
Ain iwe alifu. Kha iwe ha.
Mtoto asikie tu, ajue huyu hana akili.”

Nilikuwa na deni la gari.
Nikafungua kinywa, akatoka Bibi Zuweina.

Akatoka mzima mzima, na hamsini yake laini,
hamsini iliyochekwa sokoni Ruwi mwaka aliofika
na sanduku la bati na cherehani isiyo na mguu.
Muuza vitambaa alimwita mwenziwe: njoo usikie,
kisha akamgeukia: hebu sema tena.
Akasema tena.
Alihitaji kitambaa.

Zimwi likapendwa.
Nyuma ya kioo Ghassan alipiga makofi.
Sehemu ya tatu, ya nne, ya saba,
zimwi likila mbuzi mbichi, likiogopa kioo,
likimwita malkia “bwana wangu”
kwa kuwa halijui lipi la kike, lipi la kiume,
nami kila mwisho wa mwezi nikilipa benki.

Ijumaa, sinia la wali katikati, nguru kalala juu yake,
Mundhir wa dada yangu, miaka sita,
alimkodolea Bibi macho alipoomba ndimu.
“Bibi, mbona unasema kama zimwi?”

Mikono ikasimama juu ya wali.
Mimi nikaanza kutafuta miba
katika kipande ambacho hakikuwa na miba.

Bibi alitafuna akamaliza.
“Zimwi gani? Zimwi letu sisi,
la hadithi za Ng'ambo, lilikuwa Mmanga.
Limeshuka juzi, kilemba kimelielemea,
linabisha hodi usiku:
*Mimi nabenda nyama ya mtoto, lete uba nile!*
Lilitaka upawa, masikini. Hata pe halina.
Tulikuwa tukicheka hadi tunajikojolea.
Na baba yangu yuko pale kizingitini,
Mmanga wa Manah, aliyeuza halua kwa lugha hiyohiyo,
anasikia.”

“Akafanya nini?” nikauliza.

“Alikohoa. Akaingia ndani.”
Akakamua ndimu mpaka ganda likageuka.
“Sikuwahi kumwomba radhi. Sikujua kuna la kuombea.”

Mundhir alielewa nusu, akacheka yote.
Jioni aliniomba nimpigie zimwi.
Nikamwambia koo linaniuma,
na lilikuwa linauma.

Jumapili, sehemu ya kumi na mbili.
Zimwi linakufa. Watu wa nyota wamelizunguka,
mikuki yao inang'aa, sarufi yao haina doa.
Karatasi yangu haina neno, ina mabano tu: (analia).

Nikalia.
Sikumtafuta mtu wa kumwiga.
Nililia kama anavyolia kiumbe aliyechomwa ubavuni
naye alikuwa na kwao, na huko kwao
hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ana lafudhi.

Kioo kikagongwa.
“Hapana, Rayya. Lia kama wao.”

Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka.
Murad alivua vipokea sauti,
akaviweka shingoni, akanitazama.

“Kama nani?” nikauliza.

Ghassan alifungua mdomo, akaufunga.
Chini, pasi ya dobi ilipumua mvuke.
Akaashiria mashine izimwe.
Mkono wa Murad ulikuwa juu ya kitufe,
ukabaki juu ya kitufe.