Kisima cha Kumi na Tatu

Kila miezi mitatu Makokha hunifungulia lango
lililoandikwa HATARI. Kutu imekula herufi ya kwanza,
na yeye hachoki kutania:
"Karibu Atari, mji usio na wenyeji."

Kiwanda cha betri kilifungwa mwaka ule wa mvua nyingi.
Mashine ziliuzwa kwa kilo. Mabati yakafuata.
Kilichobaki hakikupata mnunuzi:
kiko chini, kinatembea.

Visima ni kumi na viwili. Usifikirie ndoo na kamba;
ni mabomba membamba kama mkono wa mtoto,
kila moja lina kofia ya chuma na kufuli lake.
Napiga goti kwa K1. Nashusha utepe,
naachilia, naachilia,
hadi ulie kidogo kule gizani: maji.
Mita kumi na moja nukta nne. Naandika.

Kisha pampu, na subira.
Maji ya kwanza ni ya uongo, yamelala bombani muda mrefu;
unayamwaga mpaka yaje yale ya ardhi yenyewe,
mpaka joto litulie, uchachu utulie,
namba zikome kucheza kwenye kioo.
Ni kama kumhoji mtu mwenye haya:
humuulizi la maana kabla hamjamaliza salamu.

K5 hunuka yai viza, maji yake rangi ya chai;
wageni wa ofisini hukipiga picha.
Mimi naogopa K9.
K9 hutoa maji maangavu, baridi, matamu kwa macho,
maji ya kumpa mgeni.
Humo ndimo mna risasi.

Lugha yetu ilijua kabla ya maabara:
jina moja kwa kinachotoka mtutuni
na kinachotoka kwenye betri.
Ile hulia, watu wakalala chini, magazeti yakaandika.
Hii hupita kooni kama dua,
ikakaa mfupani, ikasubiri mtoto aanze shule
ashindwe kukumbuka herufi aliyoisoma jana.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Hawakusema yakishazama huelekea wapi.
Mimi nalipwa kujua. Huelekea mashariki,
polepole, mita ishirini kwa mwaka,
chini ya ukuta wenye vipande vya chupa juu,
chini ya reli kuukuu, chini ya jiko la chapati,
kuutafuta Mto Ngong.
Ukuta unajua kuzuia wezi tu.

Ng'ambo ya ukuta ni Mukuru, na mfereji wa Mumbua.
Kisima alikichimba kwa mkopo wa chama;
mtungi shilingi tano, kumi ule wa kaunti ukikauka.
Ramani yangu huishia ukutani.
Baada ya hapo ni karatasi nyeupe.

Safari hii alinisubiri langoni, mikono bado imelowa.
"Wewe wa chupa. Mwaka wa tatu nakuona.
Unapima ya kiwanda kilichokufa. Yangu je?"
Nikaanza: ripoti, mamlaka, kikao cha wadau...
Maneno yaliyolala bombani muda mrefu.
Niliyasikia mwenyewe. Nikanyamaza mpaka yaishe.

Kisha nikafungua kisanduku cha barafu,
nikatoa chupa ya akiba.
Nikamwambia afungue mfereji, auache utiririke.
Tukasimama hapo pamoja na Mutheu, bintiye,
aliyekuwa akihesabu mitungi kwa sauti,
akiiruka saba, akirudi, akiiruka tena.

Lebo: tarehe, saa, jina langu.
Penye namba ya kisima nikaandika K13.

Jumanne maabara wakapiga simu.
"Kumi na tatu haimo kwenye orodha. Tuifute?"
Ramani ilikuwa mezani. Nikashika penseli,
nikavuka ukuta,
nikaweka nukta.
"Msiifute," nikasema. "Pimeni."

Majibu huchukua siku kumi.
Leo ni ya sita, na foleni ya mitungi
imefika ukutani.