Mwokota Mpira wa Kadutu

Nimehesabu mipira ya kwenu, Nabintu.
Ni minane, imepangwa kando ya uwanja,
kila mmoja juu ya koni yake
kama yai juu ya kikombe.
Ukitoka huu, unashika ule.
Hakuna anayekimbia.

Sisi tulikuwa na mmoja,
wa nailoni, tumeushona mara tatu,
na kiwanja kilichoinama
kama mtu anayetafuta sarafu iliyomdondoka.
Ukipiga kushoto, unagonga bati la Mama Ciza
naye anatoka na mwiko.
Ukipiga kulia, unateremka:
ngazi za udongo, meza ya muuza sambaza,
mfereji, duka la mbao,
na asipopatikana mwenye huruma wa kuuzuia kwa mguu,
unashika njia ya ziwani
kama mtu aliyeitwa.

Kupiga ilikuwa kazi yako.
Kufuata ilikuwa yangu.
Hukuwahi kusema samahani.
Ulisimama kule juu, mikono kiunoni:
«Upesi, Sifa, giza linaingia!»
Nami nikapanda na mpira kifuani,
pumzi imebaki kwa muuza sambaza.
Hivyo nikazijua ngazi za Kadutu zote,
na wewe ukajua kupiga kulia.

Leo tumejazana kwa Papa Byamungu, fundi wa simu,
kwa sababu ya jenereta yake.
Ni saa moja na nusu jioni.
Kwenu pia ni saa moja na nusu,
lakini kwenu jua bado liko juu ya majani
na kwetu taa za ng'ambo zimeshawaka Rwanda.
Saa moja. Mchana mbili.
Nimejaribu kumweleza bibi yako, nimeshindwa.

Wamewapanga mstari kwa wimbo wa taifa lao,
wasichana wa chini ya miaka kumi na tisa,
nyeusi, njano, nyekundu.
Kamera inapita uso kwa uso,
inakufikia, inakaa.
Midomo yako inacheza kidogo.
«Anaimba au anatafuna?» bibi yako anauliza.
Hakuna anayejibu.
«Babu yake aliwapasulia mawe ya barabara hawa.
Mshahara wake, chumvi.
Huyu naye anawakimbilia kwa nini?»
«Klabu inamlipa, bibi.»
«Wanamlipa pesa?»
«Pesa. Ya chumba na nauli. Asubuhi anasoma.»
Bibi anafikiri mpaka wimbo unakwisha.
«Basi amemshinda babu yake,» anasema,
na anavuta kiti karibu.

Mimi sikufikiri mambo ya babu.
Nilitazama miguu.
Umevaa viatu vya rangi ya chungwa lisiloiva,
na majani yale yamenyweshwa maji kabla ya mchezo,
maji, Nabintu! Mtaani kwetu
dumu moja tunalipanga foleni tangu alfajiri.
Ukianguka unateleza, unainuka, goti zima.
Kovu lako la goti la kushoto, lile la jiwe la mfereji,
nililiona dakika ya thelathini.
Nilifurahi kama niliyekutana na mtu wa nyumbani.

Halafu dakika ya sabini na moja
ukapiga kulia.
Juu sana. Ukapita mwamba, ukapita bango,
ukapotelea kwenye viti vitupu.
Mlinda mlango wao akapewa mwingine papo hapo,
mchezo ukaendelea.
Lakini wewe ulibaki umesimama,
mikono kiunoni,
ukitazama kule mpira ulikokwenda,
sekunde mbili, labda tatu,
mpaka kocha akapaza sauti.

Nilikuwa nimeshainuka.
Mguu mmoja ulikuwa nje ya mlango, kwenye ngazi.

«Sifa,» akasema Papa Byamungu,
«kaa chini. Unatuziba.»