Daftari la Vipimo

Chai bila sukari; kijiko nimekificha mwenyewe.
Matobolwa sahani tele, Ng'washi kayaleta toka Magu.
Viazi tu, nikasema, vina kosa gani?

Baada ya saa mbili: kidole, tone,
kumi na nne nukta moja.
Nikakigonga kipimo kama redio mbovu.

Jana ulikuwa ugali wa muhogo, matonge ya kuhesabu,
sato, mlenda, kisha nikapanda mawe ya Mabatini
kumdai Nyanjige hela ya mshono.
Nane nukta tatu.
Hela sikupewa.

Namba zote mbili nimeziandika
kati ya kiuno cha Kabula na mabega ya mwalimu.
Kumbe kiazi kilitoka shambani na sukari yake.

Kesho nitamfuata tena Nyanjige,
kwa miguu,
nikishakula.