Chanikiwiti

Jumatatu Salha karudi na karatasi ya shule:
taja rangi za vitu kumi vya nyumbani.
Birika, jekundu. Zulia, kahawia. Mlango, buluu,
ingawa ni wa jirani, mwalimu atajuaje.
Cha kumi, kioo cha bafuni.
Akaandika, akafuta, akaandika, akafuta,
mpaka karatasi ikatoboka.

Kitendawili, baba.
Tega.
Ana kila rangi, yake hana.
Nikasema kioo. Ndiyo, lakini rangi gani?
Nikasema fedha. Akaleta kijiko, akalinganisha:
siyo.
Nikasema nyeupe. Akanionyesha ukuta.
Basi nipe mji.
Nikampa Liverpool, akaukataa, una kelele.
Nikampa huu huu tunaoishi, St Helens,
na dohani zake zisizotoa tena moshi.
Akaupokea, akaenda kulala nao.
Jawabu hakunipa. Hakuwa nalo.

Na mimi kula yangu ni vioo. Miaka kumi na mmoja
nabeba vioo vya watu na Ormerod,
yeye mbele, mimi nyuma,
mawingu yakitembea mapajani mwetu,
duka la chipsi likienda kinyumenyume.
Kwa Kiingereza, hunisahihisha, cha dirishani
kina jina lake, cha kujitazama kina lake.
Kwetu vyote kioo, humwambia,
tofauti ni kilichopakwa mgongoni.

Alhamisi tulikuwa kwa Mshangama, kinyozi mpya
karibu na stesheni.
Alitaka viwili, ukuta huu na ukuta ule, vitazamane.
Skrubu ya mwisho ikakazwa, Ormerod akatoka kuvuta.
Nikainama kuokota bisibisi
nikauona ushoroba:
chumba ndani ya chumba ndani ya chumba,
mimi arobaini, bisibisi arobaini,
na kadiri nilivyozidi kwenda mbali
nilizidi kuwa kijani.
Kwanza kama chai ya mchaichai, kisha kama chupa,
na kule mwisho, ambako sina tena macho,
kama kisima kilichosahauliwa.

Kumbe kioo kimoja hakijisemi.
Hukurudishia karibu kila ulichokipa,
kinabana kidogo tu, wekundu kidogo, ubuluu kidogo,
kama muuza duka mwenye kidole gumba mizanini.
Mara moja hujui.
Mara arobaini, unauona mkono wake.

"Chanikiwiti," ikasema sauti nyuma yangu.

Neno lile sikulisikia tangu shangazi
alipogombana na fundi kuhusu mlango.
Nikageuka. Asubuhi nzima tulikuwa tunaongea Kiingereza,
bei, vipimo, mvua,
kila mmoja akimrudishia mwenziwe alichopewa.
Wa wapi? Wewe je, wa wapi?
Tukaketi kwenye viti vipya, nailoni zikilia chini yetu.
Ormerod aliporudi alitukuta tunacheka,
akaangalia vioo kama vimepinda.

Jumamosi nikampeleka Salha.
Alipanda kitini na viatu vyake,
Mshangama akajifanya hakuona.
Akatazama huku, akatazama huku,
akatoa karatasi ile, siku mbili imechelewa,
akafumba jicho moja
akachungulia kupitia tundu alilotoboa kwa kifutio.
Muda mrefu. Treni mbili zikapita.

Baba, akasema,
shika mji wako.