Kesi ya Mlaki na Mosha

Usiku ule simu ilikuwa na chaji asilimia kumi na moja,
mvua inapiga bati la jikoni hapa Uru,
nikaiandikia mashine kama ninavyomwandikia mwanangu aliyeko Dodoma:
shemeji yangu Elinami amehamisha masale.
Si yote. Saba tu, upande wa mfereji.
Baraza la kata limesema ni haki yake.
Nifanye nini?

Haikusita. Hilo ndilo lililonipendeza kwanza.
Wakili wa mjini hukohoa, huangalia saa, hutaja pesa.
Hii ilinipa pole ya kufiwa,
ikanipa kifungu, ikanipa siku za kukata rufaa,
ikanipa hata kesi: Mlaki dhidi ya Mosha,
mjane akashinda.
Nililala kama mtu aliyelipwa deni.

Kuhusu masale ilisema ni mmea wa mapambo,
hustawi kivulini,
umwagilie mara mbili kwa wiki.
Nilicheka peke yangu. Mapambo!
Jani ambalo adui akikuletea kuomba msamaha
ukalikataa, ukoo mzima unashika kichwa.
Nikasema si kosa lake, haikulelewa huku.
Lakini sheria, nikasema, sheria inaijua.

Jumatatu nikashuka Moshi na karatasi tatu
nilizochapisha Kiborloni, mia mbili kila moja.
Karani wa masijala, Bi Ndewirwa,
miwani yake mguu mmoja umefungwa kwa uzi,
alisoma, akarudia kusoma,
akafungua kompyuta, kisha daftari,
kisha daftari jingine lililomfanya apige chafya.
"Mama, hawa Mlaki na Mosha
hawajawahi kushtakiana.
Angalau si hapa kwetu."
Nyuma yangu mtu alicheka kwa puani.
Kifungu nacho kipo, akasema, ila kinazungumzia mambo mengine.
Na siku?
Siku za simu zilikuwa nyingi
kuliko siku za sheria.
Zangu zilikwisha Alhamisi.

Nimshtaki nani? Haina kijiji,
haina balozi wa nyumba kumi wa kumpelekea wito.
Palepale koridoni nikaiuliza.
Iliomba radhi vizuri mno, kuliko Elinami atakavyowahi kuomba,
kisha ikanipa kesi nyingine.

Bi Ndewirwa akanielekeza chumba cha mwisho,
kwa msaidizi wa kisheria, kijana Aminieli,
suruali imejaa vumbi la bodaboda hadi magotini.
Hakuwa na jibu. Alikuwa na kalamu inayokatakata wino.
Kuomba kuongezewa muda inawezekana, alisema,
lakini hakuahidi.
Nikamuuliza swali la pili, akakuna shingo:
"Sijui, mama. Ngoja nitaulizia."
Sijui.
Wiki nzima simu haikuniambia neno hilo.

Halafu akauliza yeye:
"Mzee alizikwa wapi?"

Nikamchorea mezani kwa kidole
kana kwamba kihamba chote kimeletwa pale:
mfereji unapita hivi, migomba hii,
mibuni ya baba mkwe, ile iliyokauka na ile iliyobaki.
Mume wangu hapa.
Na masale mapya,
masale mapya yanaanzia

kidole kikagoma.

Sikuwa nimeandika hilo kwenye simu.
Haikuuliza, nami sikujua
kwamba hilo nalo ni sheria.

Aminieli aliitazama kalamu yake,
akaiweka chini,
akatoka kwenda kutafuta nyingine.