Ganzi

Daktari wa Ndanda alichora ubavuni mwa kasha la glavu:
mstari mrefu, juu yake kifuko chenye miguu.
"Ndani ya mshipa wa fahamu kuna vijibomba,
uzi wa buibui ni mnene kwavyo.
Vifuko vya utando havielei, mama. Vinabebwa,
hatua kwa hatua,
toka uti wa mgongo hadi kidole gumba cha mguu."

Nikaelewa. Nimeshona magunia ghalani Newala misimu tisa.
Mwaka ule barabara ya Masasi ilipokatika
korosho zilikuwepo, makuli walikuwepo,
mnunuzi alikwisha lipa.
Njia tu.

Dawa inayoyeyusha uvimbe wa taya la Shaweji
ndiyo hiyo hiyo inayong'oa vijibomba.
Uvimbe ukose pa kugawanyikia.
Na nyayo nazo zikose.

Jana kandambili ilimvuka uani,
akaenda hadi bombani mguu mtupu,
hana habari.

Vitajijenga tena, wanasema, pingili kwa pingili.
Usiku namkanda toka gotini kushuka,
nasukuma, kama gunia kwenye tope.
"Mama, umefika wapi?"
Kifundoni, baba.
Nimefika kifundoni.